Kiti cha Kahindo

Koboko,
Jumapili, baada ya adhuhuri

Kwa dada yangu Kadijah,

Asalaam aleikum, wewe na wote wanaokula sufuria moja nawe hapo Arua. Naomba barua hii ikukute umekaa, maana ukiisoma umesimama goti lako litanilaumu mimi. Linasemaje hilo goti? Ile dawa ya kuchua niliyokutumia kwa mkono wa Prossy umeipaka, au umeipeleka kabatini ikakae na wenzake? Shemeji Latifu hajambo? Mwambie mashati yake yalifika na yote yalimwenea Tahiru, ila lile la kahawia alilivaa mazikoni akisisitiza kwamba ni jeusi, na mimi nikamcheka mbele za watu. Sisi huku ni wazima wa mwili. Wa moyo nitakueleza.

Utauliza kwa nini naandika na simu iko. Dada, simu yako ni redio. Unaiweka spika juu ya magunia ya mchele, na kila anayekuja kununua sukari anaondoka na habari za ndoa yangu. Siku ile uliponiambia kwamba chumba cha nyuma umekipiga deki, kitanda umetandika, nipakie vitu vyangu nimwache mwanamume asiye na haya, nilimsikia mtu nyuma yako akisema nije, nije tu, nachelewa nini. Alikuwa nani yule? Basi nimeona afadhali kalamu. Nataka kukupa jibu la kile chumba, lakini jibu bila kisa chake halitakuingia, kwa hiyo nivumilie.

Kazi ya mume wangu Tahiru unaijua nusu. Zamani alitengeneza vichwa vya mitungi ya gesi, ya wachomeleaji na ya oksijeni. Halafu akaletewa regulata ya kuzamia, kile kidude ambacho mzamiaji anakifunga kwenye mtungi wa hewa mgongoni, kimgawie pumzi akiwa chini ya maji. Ilikuwa ya kizamani, kopo la shaba lenye mipira miwili minene inayopita juu ya mabega, mmoja wa kuleta pumzi na mwingine wa kuitoa, na katikati yake kipande cha kung'ata mdomoni. Mwenyewe alikuwa amezunguka nayo Kampala nzima akiambiwa aitupe, kwamba vipuri vyake havitengenezwi tena. Tahiru akaifungua, akaiosha, akakata mipira mingine kwa mkono, na ikapumua. Tangu hapo wapenda vitu vya kale wanamtumia vifurushi kwa basi, kutoka Entebbe, kutoka Jinja, na meza yangu ya kulia imekuwa karakana. Mabakuli yangu ya Idi yamejaa siki na vyuma vyenye kutu ya kijani. Nyumba inanuka achari mwaka mzima.

Sikulalamika. Wallahi nilikuwa naipenda hata ile harufu. Yeye mezani, mimi mkekani na ukindu wangu wa rangi nikisuka kawa za kufunikia chakula, kila mtu na vidole vyake. Alikuwa akitandika kitambaa cheupe na kupanga vipande kwa mzunguko, cha kwanza kufunguliwa kikiwa cha mwisho kufungwa, na ole wako upeperushe kanga karibu na kitambaa hicho. Akishamaliza huifunga regulata kwenye mtungi wa hewa, huweka kile kipande mdomoni, anavuta, anaachia, halafu anakizamisha kwenye karai la maji na uso wake wote, na mapovu yanapanda. Anasema fundi wa pumzi ni kama mpishi, haruhusiwi kumpakulia mtu kitu asichokionja. Nasiri wetu alipokuwa mdogo alikuwa akicheka mpaka anaanguka.

Kisha akaja Kahindo.

Nilishakueleza juu yake kwa hasira, sasa acha nikueleze kwa haki, kama nitaweza. Ni Mkongomani, alivuka mpaka kupitia Ariwara miaka ya nyuma, anakaa hapo kwenu Arua. Babake alikuwa mzamiaji kule ziwani kwao na alimfundisha. Sasa wenye mashua wa Rhino Camp wanamwita injini ikidondoka mtoni, nyavu zikijisokota kwenye pangaboi, au, Mungu atuepushe, mutu akipotea majini, kama anavyosema mwenyewe. Mwanamke mrefu, mabega mapana, nywele kazikata chini kabisa, anavaa suruali na anacheka kwa sauti. Alikuja na regulata ya marehemu babake ndani ya mfuko wa unga. Nilimpokea vizuri. Nilimpa chai yenye maziwa.

Ile ya kwanza ilitengenezwa ikaisha. Lakini yeye hakuisha. Kila Ijumaa alasiri namwona anashuka kwenye boda mlangoni, mara kuna springi inalia, mara amekuja kusalimia tu. Na Tahiru, ambaye miaka yote amekaa ukutani kwa sababu anachukia jua usoni, akaihamisha meza mpaka dirishani. Akaweka kiti cha pili. Dada, kile kiti cha mto mwekundu ulichotuzawadia wewe! Mimi nikabaki mkekani, nikitazama visigino vya mwanamke mwingine chini ya meza yangu.

Wanainamisha vichwa pamoja juu ya kitambaa mpaka vinakaribia kugusana. Wananong'ona. Nikiingia wananyamaza, na Kahindo anaanza kuniuliza habari za mvua. Siku moja nikiwa nimesimama pale na birika, nilimwona ametia kile kipande mdomoni, akavuta, akakitoa kikiwa kimelowa, akampa. Na mume wangu, bila kukifuta hata kwa shati, akakitia mdomoni mwake! Yule Tahiru ambaye hanywi kwenye kikombe changu akisema natia tangawizi nyingi! Nilihisi damu imenipanda masikioni. Nikarudi jikoni, nikakaa juu ya kibao cha mbuzi, nikalia na birika mkononi.

Wanasema wivu ni kidonda, ukikishiriki utakonda. Mimi nilikonda kweli, mpaka Annet jirani yangu akauliza kama nina homa. Kila nilichokiona kilikuwa ushahidi. Nilitia hina mpaka kwenye vifundo, nikavaa lile dera jipya, nikapita mbele yake mara chungu nzima, hakusema neno. Nilipomuuliza naonekanaje alisema nimependeza, lakini alikuwa akiuangalia mlango. Akawa hanitungii tena uzi kwenye sindano. Akimimina chai inafika kwenye sahani, kwa sababu, nilijiambia, mawazo yake yako Rhino Camp. Hata Qurani alikuwa haisomi tena, anasikiliza ya kwenye simu. Nikasema, dhambi imemfanya aone haya hata mbele ya kitabu.

Nikaamua kumtukana yule mwanamke kwa njia yetu Wanubi. Unajua alivyotulea habuba, bibi yetu, kwamba chakula cha mgeni hakivuki kizingiti bila kawa, na ukimpelekea mtu chakula kiwazi umemwambia waziwazi kwamba hapa huna heshima. Basi nikampelekea kisra, ile mikate yetu myembamba, na mchuzi wa bamia vikiwa wazi, inzi wakiviimbia, nikavitua mbele yake kwa kishindo. Ningempelekea Mnubi yeyote angenyanyuka akaondoka na ukoo mzima ungesikia. Kahindo akanawa, akala, akalamba vidole, akanishukuru na kusema kwamba tangu afe mamake hajala bamia kama ile. Hakuelewa! Nilimtukana kila Ijumaa kwa muda mrefu na kila Ijumaa akanishukuru. Cheka tu, dada, najua unacheka.

Sasa nafika kwenye kitu ambacho sijakueleza kwa simu, na ndicho kilichoniweka chini kuandika.

Ndani ya lile kopo la shaba kuna kipira kimoja cheusi, laini, bapa, wanakiita mdomo wa bata, na kweli kimefanana nao. Pumzi chafu inatokea hapo, na midomo yake inajifunga ili maji yasirudi. Kikichanika, nje ya maji hutajua, hewa inapita kama kawaida. Ukishuka mtoni ndipo unavuta maji badala ya hewa. Tahiru mwenyewe alinieleza hayo zamani, enzi za kuzungumza nami.

Ijumaa ya wiki iliyopita ilikuwa zamu ya kubadilisha mdomo wa bata wa regulata ya Kahindo. Kipya kilikuwa kwenye sahani, kimepakwa poda, na cha zamani, kimekakamaa na kupasuka midomoni, kipo pembeni yake. Tahiru alikwenda kutawadha. Mimi nikakichukua kile kipya nikakifunga kwenye pindo la kanga yangu. Basi. Nilitaka akitafute. Nilitaka Kahindo aje akute kazi haijaisha, agombane naye, apoteze nauli yake, na mimi nikae mkekani nikisuka kama sijui lolote. Ninavyomjua Tahiru, angegundua kabla hajakaa. Yule mtu ana macho ya kipanga, chembe ya mchanga ikianguka kwenye kitambaa chake anaiona.

Akarudi, akakaa, akapapasa kwenye sahani, akashika kile kilichopasuka. Akakivalisha. Akafunga kopo.

Nilikuwa nikimtazama, dada. Ufa ulionekana kutoka nilipokaa mimi. Nikasema moyoni, anajifanya, atakitoa sasa hivi. Hakukitoa. Simu ikalia, ni Kahindo, kwamba yuko njiani, hana muda hata wa kushuka kwenye boda, kuna mashua imepinduka mtoni na anahitajika. Tahiru akavuta pumzi kavukavu kwa mdomo, akasema iko sawa, na hakukitia kwenye karai. Boda ikapiga honi nje. Akatoka mpaka kizingitini, akamnyooshea mfuko, Kahindo akaupokea akaufunga nyuma ya pikipiki kwa kamba.

Na mimi nikanyamaza. Nakuambia wewe kwa sababu umenizidi umri na hutanidanganya kwamba si kitu. Nilisimama mlangoni na uhai wa mtu ndani ya fundo la kanga yangu, na nikanyamaza. Nilimwona akikaza kamba. Nilimwona akinipungia mkono. Moyo ukaniambia, mto ndio utakaomchukua, wewe hukumgusa. Boda ikanguruma ikaondoka.

Sijui ni nini kilinisukuma. Labda ule mkono alionipungia. Nilitoka mbio, peku, kichwa wazi, nikipiga kelele kwamba mshikeni, mshikeni, na barabara nzima ikadhani mwizi. Annet akaacha chapati zake zikaungua. Vijana wa kituo cha boda wakamzuia dereva, na mimi nikafika nikihema, nikafungua fundo mbele ya Kahindo na kumwonyesha kile kipira. Nikamwambia ni mimi, nimekificha mimi, na kilichofungwa humo ndani kimepasuka.

Nilisubiri kofi. Angenipiga ningenyamaza. Alikitazama kile kipira, akanitazama mimi, na uso wake ulikuwa kama wa mtu aliyekuwa akiingoja siku hiyo. Akaniuliza kama bwana yangu alikishika kile kibovu kwa mkono wake mwenyewe. Nikasema ndiyo. Nikamuuliza ilikuwaje asikione. Akasema, "Iyi maneno si yangu, mama. Mi niliapa. Uliza bwana yako."

Tukakaa kwenye kibaraza cha Annet. Akafungua kopo, akatoa kile kibovu, akajaribu kuingiza kipya, lakini kwa haraka yake kipira kikakunjika. Nikamwambia alete. Vidole vyangu vimesuka ukindu tangu utotoni, kitu laini kukilaza kisijikunje ndiyo kazi yake. Nikakivalisha, nikakilaza midomo yake sawasawa, akafunga. Annet akatuletea karai lake. Kahindo akaiunga na mtungi wa hewa aliokuja nao kwenye boda, akazamisha uso, mapovu yakapanda vizuri, akainuka maji yakimtiririka. Kisha akanipa mimi, akasema fundi lazima aonje. Nikakitia mdomoni kile kipande kikiwa bado na joto la mdomo wake, nikainama ndani ya karai, nikapumua. Tukaagana na akaenda.

Nikarudi nyumbani miguu ikiniuma. Tahiru alikuwa amekaa pale mezani peke yake. Sikuwa na nguvu ya kumsemesha. Nikavuta kiti cha mto mwekundu nikakikalia, mara yangu ya kwanza tangu kihamishwe. Nadhani sikunukia udi wangu wa kila siku, nilinukia grisi na vumbi la barabara. Akageuza uso kuelekea kwangu, hatua moja tu kutoka kwangu, mchana, dirisha wazi, akaniita Kahindo. Akauliza mbona nimerudi. Akasema kwa sauti ya chini kwamba leo mambo yamezidi, kwamba hata vipande kwenye kitambaa haoni tena ila weupe tu, kama mtu aliyevishwa chandarua, na kwamba aliogopa kumwambia pale mlangoni asije Sadiya akasikia. Akasema, "Wewe usimwambie. Sadiya akijua, ataenda kwa dada yake."

Nikamwambia ni mimi.

Mficha maradhi kifo humuumbua, na safari hii kilikaribia kumuumbua kwa mwili wa mtu mwingine. Alilia, mimi nikamfokea, halafu mimi nikalia na yeye akanifokea kwa nini nilikificha kipira, na tukafika Magharibi tumechoka wote wawili. Alinieleza kila kitu. Kahindo ndiye aliyemgundua, kwa sababu wakati mmoja alimkuta amefunga kipande nyuma mbele. Badala ya kumtangaza, akaahidi kuja kila Ijumaa kuwa macho yake, asipoteze kazi. Ndiyo yale ya kuinamisha vichwa. Ndiyo ile minong'ono, "huyu hapa, kulia kidogo, sasa kaza." Tahiru anasema alimwona babake mwenyewe akipofuka na kuongozwa kwa fimbo mpaka chooni, na aliona namna mamake alivyobadilika sauti akizungumza naye. Hakutaka nimbadilikie sauti. Na ile spika yako, dada, ilisikika mpaka huku. Alisikia kitanda kimetandikwa.

Usidhani nimepoa. Annet anasema sasa nimeona hakuna kitu, nimshukuru Mungu. Nimwambie nini? Kitu kipo. Mume wangu alikuwa na siri kubwa kuliko zote maishani mwake na akampa mwanamke mwingine aifunge kwenye kanga yake. Angemgusa mkono ningejua la kufanya, ningepiga kelele, ningekuja kwako. Hili la kumwamini kuliko mimi linaniuma mahali ambapo hata kelele hazifiki. Wivu wangu haukukosea nyumba, ulikosea mlango tu.

Kahindo alipiga simu kutoka Rhino Camp. Watu wote wa ile mashua wako hai, yeye alizamia injini na magunia. Anasema regulata ilipumua tamu. Nilijikuta natabasamu, kisha nikakasirika kwa kutabasamu.

Juzi Ijumaa akaja. Nilikuwa nimekikalia kile kiti tangu asubuhi. Aliponiona hapo akacheka ile sauti yake, akavua viatu, akaenda mwenyewe kukaa mkekani. Sasa mimi ndiye ninayefunga, Tahiru ananielekeza kwa mdomo na kugusa, na ni mkali, hana huruma hata kidogo, nami ninamjibu. Na chakula chake Kahindo nilimpelekea kimefunikwa kawa mpya, ile ya zambarau na njano niliyokuwa nakusukia wewe. Aliigeuza huku na huku, akaniuliza kama leo kuna sikukuu. Nikamwambia ale.

Sasa jibu la chumba. Dada, usikivunje kile kitanda, ila ongeza mto. Tunakuja wawili. Mganga wa zahanati amemtazama Tahiru akasema ni mtoto wa jicho, anaondoshwa, na hapo Arua wapo wa kumwondoa. Tutakaa kwako mpaka apone. Nakuomba usimseme, na tafadhali zungumza naye kwa sauti ileile ya ukali uliyozoea kuzungumza naye.

Ombi la mwisho, hili ni la siri yetu. Nitunzie hina mbichi, nataka kupaka hapo kwako jioni ya kuamkia siku ya kufunguliwa bandeji. Kahindo anasema naye atafika hospitali siku hiyo kumwona, si anakaa hapohapo Arua. Mimi nimemwambia aje kesho yake. Hakuelewa kwa nini, na akanishukuru.

Nisalimie shemeji Latifu na wanao wote, na huyo wa nyuma ya magunia mwambie nakuja, nakuja tu. Mungu akupe goti jipya.

Ni mimi mdogo wako asiyeishiwa maneno,

Sadiya, mama Nasiri